Kufika Sifuri

Walipoishusha kwenye guta pale Mitandi, miguu juu,
Bi Mwanaiba alitoka amejitanda khanga
akauliza nani kafariki.
Hakuna, nikamwambia. Ni mashine ya gololi.
Akaitazama, akanitazama,
akarudi ndani kugeuza mihogo yake.

Ilitoka Nachingwea, klabu ya Wazungu
waliobaki baada ya karanga kugoma.
Nao wakaondoka. Ikahamia baa, baa ikafa,
kuku wakataga tumboni mwake.

Mimi sikusomea ufundi.
Nilikuwa opereta, Posta na Simu, Lindi,
miaka ishirini na miwili,
na nyuma ya ukuta swichi zikigonga usiku kucha
kama mvua ya kwanza juu ya bati.
Fundi Likwemba akiingia asubuhi namwambia:
safu ya tatu, ya nne kutoka chini, inakohoa.
Anakwenda, anaikuta inakohoa.
Halafu ikaja mitambo isiyogonga.
Tukaagwa kwa soda na blanketi.

Sasa nafungua kifuniko, napuliza manyoya,
na wote wako humu:
koili, sumaku, ndimi za shaba zimepangana,
kila mmoja akingoja mwenzake amguse ndipo aseme.
Nilikaa chini. Nilihitaji kukaa chini.

Chande, mtoto wa kaka, akaja na msasa.
Nikampiga kofi la mkono: msasa unakula ncha za fedha!
Tukakata kadi ya kliniki, tukaichovya spiriti,
tukaipitisha ulimi kwa ulimi,
mia moja na kumi na sita, jioni tatu,
mpaka kadi ikatoka nyeupe.
Mipira ya pembeni ni tyubu ya baiskeli.
Gololi ni ya beringi, kutoka kiwanda cha korosho kilichofungwa;
Chande hakusema kaipataje, nami sikuuliza.
Transfoma ilikula malipo ya mnada wa pili.
Salfa ya mwakani, Mungu anajua.

Kuna timazi mle ndani,
kichuma kinachoning'inia katikati ya pete.
Ukiitikisa mashine kwa hasira, kinagusa pete,
taa zote zinazima, mchezo wako umekwisha.
Nikacheka peke yangu.
Ningefungiwa kitu hicho mlangoni
mwaka ule wa ndoa yangu ya kwanza.

Lakini namba.
Kwenye kioo cha juu zilikuwa zimeganda: 2,870.
Mtu alizicheza. Karani wa ghala, labda,
au mmoja wa vijana waliokuwa wakielekea Ruvuma,
usiku mmoja, thumuni moja,
asirudi kudai mchezo uliosalia.
Kuku walizitagia, vumbi likazilalia,
hazikupungua hata moja.

"Shangazi, bonyeza."
Bonyeza, maana yake futa.
Nikaiandika 2,870 ukutani kwa mkaa, jirani na namba ya fundi bomba.
Nikatia thumuni tuliyoiokota humohumo ndani.

Magurudumu yale hayajui kurudi nyuma.
Mbili ikitaka kufika sifuri
sharti ipande: tatu, nne, mpaka tisa,
ipate kila kitu kwanza, ndipo ipinduke.
Yakaanza. Ka. Ka. Ka.
Mia zikafika, zikatulia.
Makumi yakafika.
Masikio yangu yakasimama kama ya mbwa: hakuna aliyekohoa.
Elfu bado inapanda. Ka.

Gesi iko hapo Msimbati;
umeme ukakatika vilevile.
Mitandi nzima ikapiga yowe moja.

Chande akawasha tochi ya simu.
Juu ya kioo: 6,000.
Si zake yule, si zangu,
hakuna mtu duniani aliyewahi kuzicheza.

"Imekufa?" Bi Mwanaiba, ng'ambo ya ua.
"Imesimama njiani," nikamjibu.
Akaleta mihogo. Tukala gizani,
mikono mitatu sahani moja,
tukiisikia koili inapoa.