Laini Ina Mtu

Saa tatu usiku. Bei ya simu imeshuka,
Buruburu imefunga mageti yake,
nami niko magotini chini ya meza ya kulia
nikiupapasa waya kama mtafuta sindano zuliani.

Nimechomoa, nimechomeka.
Nimepuliza vumbi kwenye tundu la ukutani.
Nimeizima mashine, nikahesabu hadi thelathini
kama Kirwa alivyonifunza.

Kirwa alikuja Jumanne na bisibisi na njaa.
Akala chapati tatu, akaifungua modemu,
akauliza kama mvua ilinyesha.
Ilinyesha. Kisanduku cha simu pale Barabara ya Mumias
hunywa maji kuliko ng'ombe.
"Basi ni hicho," akasema, akapokea mia tano.
Hakikuwa hicho.

Sikiliza inavyopanda:
mlio mrefu, mtulivu, wa laini inayongoja,
tarakimu mbio mbio,
kisha huko mbali kitu kinaitika,
krrr, shiii, mafuta ya moto yakipokea kitunguu,
mashine mbili zikiulizana habari za nyumbani,
na inapobaki kidogo tu iseme ndiyo —
tap.
Napiga tena. Kosa 680, kioo kinasema kwa adabu:
hakuna mlio kwenye laini.

Na nyuma ya ukimya huo iko barua ya Khisa
kutoka Novosibirsk, siku ya kumi na moja haijasomwa.
Mama hapiti mezani bila kuuliza "Imeingia?"
kwa sauti ile ile anayoulizia maji ya mfereji.

Nikaamua kuufuata waya wote.
Nyuma ya kabati la vyombo,
chini ya rangi aliyoipaka Baba ili usionekane,
msumari kwa msumari, ngazi kwa ngazi,
hadi chumba cha Kukhu,
aliyeletwa kutoka Kimilili kutibiwa macho.

Ameketi gizani,
mkono wa ile simu ya kijani umeganda sikioni,
kitambaa kimemteleza.
"Nyamaza," akanionya kwa kidole.
"Ni yeye. Kengele hugutuka kidogo tu, saa hii hii,
nikishika namsikia akikwaruza.
Baridi imemkausha koo. Namwitikia,
asije akadhani tumelala."

Nilikuwa na hotuba yangu tayari:
laini ni moja, Kukhu, ukiinua huku
kule chini inakatika —
akanisogezea simu.

Nikasikia upepo.
Nikasikia maji kwenye kisanduku cha Mumias,
na mbali sana, mtu wa mtaa mwingine
akiagiza mtungi wa gesi.
"Umemsikia?"
Mkono wake ulikuwa bado umeshika waya,
wenye joto.

"Imeingia?" Mama akaita kutoka chini.

Bado, nikamjibu.
Ngoja kidogo.
Laini ina mtu.