Cha Kupakata

Orysia amekiweka kipakatalishi juu ya mizani ya jikoni,
ile tunayopimia unga wa Pasaka:
kilo moja, gramu mia nane na kumi.
Bila waya wa chaji.
Ukiongeza waya, anasema, ni viatu vyangu vya mlimani,
ni sweta, ni riwaya mbili nilizoapa kuzimaliza
kabla Ostap hajaota meno.
Ostap sasa ana ndevu.

Nje, Winnipeg imeganda hadi kwenye uboho.
Theluji imefika kimo cha dirisha la sebule,
na tiketi zimebanwa na sumaku mlangoni pa jokofu:
siku tisa, visiwa vya Azores,
kwa Wareno, katikati ya maji.

"Nisipokwenda nacho je?"
Akiuliza hivyo hataki jibu,
anataka ukuta wa kurushia mpira.
Nami ni ukuta. Mwaka wa ishirini na tatu huu.

"Kitaibwa.
Kitalowa.
Lakini huu ni msimu wa kodi,
na yule mwenye duka la magongo ya hoki
hajui risiti ni ipi na leso ni ipi.
Nitakitumia asubuhi tu."
Anakifunua. Anakifunika.

Asubuhi tu.
Malaga, mwaka juzi, bahari ilikuwa hatua arobaini,
na yeye kitandani, magoti juu,
mwanga wa buluu umempaka uso,
akizisaka dola kumi na moja zilizopotea
katika hesabu za mtu aliyelala fofofo huku Kanada.
Nilikula pweza peke yangu.
Mhudumu akaondoa sahani ya pili, hakuuliza.

Hilo sikulisema.
Jina la kitu linatosha kusema:
ni cha kupakatwa,
na mtu ana mapaja mawili tu.
Hata paka wetu anajua. Huja, huona pamekaliwa,
akageuza mkia akaenda zake.

Saa nane za usiku nikasikia mlango wa oveni.
Kafunga taulo, kakilaza ndani, karudi kitandani na miguu ya barafu.
"Wezi hawapiki," akasema.
Bibi yake alificha humo humo vijiko vya fedha.

São Jorge ilitupokea kwa ukungu.
Siku ya kwanza vidole vyake viliandika juu ya meza,
juu ya goti, juu ya mkate wa Deolinda mwenye nyumba,
aliyemtazama, akamletea kapu la maharage ya kumenya.
Akamenya yote.
Siku ya pili aliniuliza majani haya yanaitwaje.
Sikujua. Tukakaa na kutojua kwetu.

Siku ya nne, tunashuka genge, ng'ombe wako juu yetu kama mawingu,
simu ikapata uhai kidogo. Zenia, mpwa wake, mlisha paka:
*Shangazi, baridi imezidi. Naoka mkate wa viazi hapa kwenu.*
Na mtandao ukakata.

Orysia akaisoma mara mbili.
Akainua simu juu, kama mtu anayeomba mvua.
Akaketi kwenye ukuta wa mawe meusi.
Nilingoja alie, au apande genge mbio,
niliandaa hata maneno.
Akacheka, cheko la kukatika mbavu, ng'ombe wakageuka,
kisha akajilaza, kichwa mapajani pangu,
kizito kuliko kilo moja na gramu mia nane na kumi.
Nikampakata.
Jibini ilikuwa mfukoni. Tukala, makombo yakamwangukia shingoni.

Muda ukapita, sijui kiasi gani.
Simu ikatetemeka.
"Soma wewe," akasema, macho kafumba.

*Shangazi, nimekuta trei yenye herufi.
Niipake siagi?*

"Mwambie kidogo tu."