Kilo Nne na Robo

Mnada wa mwisho umepita, ghala limebaki na vumbi,
na mimi mpimaji nimerudi nyumbani na magunia matatu matupu
yenye muhuri wa chama cha msingi, herufi za kijani zimepauka.
Siwema akauliza, Baba, hayo ya nini?
Nikasema, begi lako.
Akacheka mpaka akakaa chini.

Cherehani ni ya marehemu dada yangu, Nambunga.
Ilizoea khanga, madera, foronya za maharusi,
haijawahi kuuma gunia.
Nimechora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji
mgongo, tumbo, mbavu mbili, mfuniko,
kama mtu anayechuna mbuzi kwa kalamu.
Mkasi wa jikoni. Utepe sina;
nimepima kwa shubiri za Siwema, maana mgongo ni wake.

Sindano ya kwanza ilikatika kabla ya adhana ya alasiri.
Ya pili, kwenye kona, penye tabaka nne.
Wahenga walisema koleo na uhunzi.
Wao hawakwenda dukani kwa Mkwachu
kununua sindano namba kumi na nane
mara tatu kwa siku moja, foleni nzima ikitazama.
"Unashona bati?" akaniuliza.

Usiku ukungu wa Newala ukiwa umeziba dirisha
nikaligeuza:
mkanda mmoja nje,
mwingine umemezwa ndani ya mshono
kama mkono wa mtu aliyeulalia.
Nikafumua.
Hakuna aliyeniambia kwamba nusu ya kushona ni kufumua,
na kwamba begi hushonwa likiwa limekupa kisogo,
sura yake huioni mpaka umalize kukosea.

Asubuhi nikalitundika kwenye mizani.
Mizani ya ghala, si ya watunga mashairi;
hii haijui kina wala kituo, inajua kilo.
Nikatia vitabu vya Siwema, madaftari, chupa ya maji ya mvua.
Kilo nne na robo.
Mkanda ukalia kidogo, ukaachia.

Mwanangu, nimepima korosho za watu miaka kumi na moja,
nimebishana na wajane juu ya nusu kilo,
na sikuwahi kupima kinachopanda na wewe kilima cha shule.

Sasa kila mkanda unapoushika mgongo nashona mraba,
ndani ya mraba msalaba,
narudia mara tatu, mguu umekufa ganzi kwenye pedeli.
Mabegani nimetia sponji ya godoro lililochoka.
Zipu bado siiwezi; nimeweka kamba na kijiti cha mkorosho.
Mfuniko umekaa upande, kofia ya mlevi.
Na muhuri, sikuupanga, umeangukia katikati ya mgongo:
DARAJA LA PILI.

Siwema amesoma kwa sauti. Amelivaa.
Ameruka mara mbili pale uani, vitabu vikagonga, mkanda kimya.
"Basi la kwanza ni lijalo," akasema, akaenda zake.

Magunia mawili yamebaki.