Kilo Kumi kwa Kila Mtu

Nahodha ameandika kwa herufi kubwa:
KILO KUMI KWA KILA MTU. BEGI LAINI. SANDUKU HAPANA.
Basi mizani ya karanga ya Mendelwa
imehamia sebuleni kwangu, Chang'ombe,
na kila jioni tunapima nguo zetu
kama watu wanaokwenda kuziuza.

Tuko watano. Miaka minne ya kikoba,
elfu kumi kila Jumamosi, mchelewaji faini buku,
na wenzetu walipogawana wakanunua mabati
sisi tukakodi mashua ya matanga, siku tisa,
twende visiwa ambavyo kwenye ramani ya shule
nilidhani ni kinyesi cha nzi.

Nyemo wangu akauliza, "Mama, bahari umewahi kuiona?"
Nimewahi kuiona kwenye kalenda.

Kwa hiyo tunajifunza.
Ijumaa tunalipia bwawa la hoteli kwa saa moja.
Mwalimu Ndahani anashika ukingo
kama alivyokuwa akishika hoja kwenye vikao:
haachii.
Kuelea, anasema kijana anayetufundisha, ni kuacha kupigana.
Miaka thelathini na moja ya uuguzi Mvumi
maneno hayo niliwaambia wengine, usiku, taa ikiwa chini.
Sikujua yana ubaridi gani mgongoni.

Upepo tunao. Mwezi wa nane Dodoma upepo haukodishwi.
Nilitundika shuka kwenye kamba ya kuanikia, nikashika ncha mbili,
likajaa, likanivuta hatua tatu
hadi katikati ya kuku wa jirani.
Tanga nimelielewa.
Kuku bado.

Nahodha akatuma picha ya fundo,
kitanzi kisichokaza wala kufunguka.
Tulihangaika nalo mpaka vidole vikachubuka.
Shemeji Lubeleje, aliyekuja kudai hela ya mbuzi,
akachukua kamba, picha hata hakuitazama:
"Si hili la ndama? Halimnyongi."
Akarudi kwenye habari za mbuzi wake.

Kisha simu, sauti ya mtu anayeomba radhi:
maji matamu chomboni ni ya kubana,
lita tano kwa mtu kwa siku,
kunywa, kupika, kujimwagia. Mtaweza?
Mendelwa alicheka hadi akakaa sakafuni.
Baba, ya kuoshea mchele ndiyo yanaosha vyombo,
ya vyombo yanakwenda kwenye mpapai,
na mpapai wenyewe unajua usiombe zaidi.
Tuulize jambo gumu.

Marehemu Chilewa alikuwa fundi wa kuchimba visima.
Daftari lake ninalo, jalada limeliwa na mchwa upande mmoja:
Makang'wa, mita tisini na nne, kavu.
Manzase, mita mia na kumi, chumvi.
Handali, chumvi.
Chumvi.
Alirudi na chupa kwenye mfuko wa koti, akanionjesha mlangoni
kabla hata ya kuvua viatu:
"Sechelela, bahari imejificha huku chini. Inatukwepa tu."
Sikucheka. Nilikuwa nawajua wale wanawake wa foleni;
waliomba maji, naye akawafikia bahari.

Usiku wa mwisho. Unga wa uwele, mlenda mkavu,
tangawizi ya kichefuchefu, vidonge vya presha, daftari.
Kumi na gramu mia tano.
Nimetoa viatu vya pili. Nimetoa kioo.
Bado gramu arobaini.
"Kata kucha," anasema Mendelwa.
Daftari halitoki.

Saa nane bomba limeanza kukohoa.
Mgao wetu ni Alhamisi, na Alhamisi imeingia.
Treni yangu ni alfajiri, maji haya sitayatumia,
lakini mikono imeamka kabla yangu:
ndoo, madumu, beseni la kufulia, hata sufuria ya pilau.
Nimesimama pekupeku kwenye simenti iliyolowa,
nikakinga kiganja, nikaonja.

Yana chumvi kidogo.