Kaunta ya Alhamisi

Hoteli ilipofungwa walinilipa kwa mbao:
kaunta nzima ya mvule, futi kumi na moja,
ina kovu la sigara ya mgeni mmoja
aliyeniita mtoto kwa Kitaliano,
mimi, baba wa watano.

Tuliileta Maweni kwa mkokoteni.
Mlango wa nyumba ukaikataa,
basi ikalala uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo,
na uani huko huko ikaota mizizi.

Tangu hapo Alhamisi ina mwenyewe.

Saa kumi na moja nafagia.
Viti havilingani: viwili vya hoteli, kimoja cha kanisa.
Ndoo iliyopinduliwa ni ya Thoya, fundi wa friji.
Kiti hakitaki. Asema mgongo wake umezoea shida,
ukiupa raha leo, kesho utadai mshahara.

Nyevu huja na koti jeupe la duka la dawa,
hunusa bilauri kabla sijammiminia.
"Umeosha kwa nini hii?"
Kila wiki swali ni hilo,
na kila wiki namjibu: kwa machozi ya wadaiwa.

Athmani hanywi. Ana chupa yake ya ukwaju,
huiweka juu ya kaunta kama askari aonyeshaye kitambulisho,
kisha hucheka kuwashinda walewaji
na huondoka wa mwisho.

Bi Haluwa huleta viazi karai na achari ya maembe.
Haketi. "Mimi napita tu."
Mwaka wa sita huu, anapita tu.

Madeni nayaandika ukutani kwa chaki,
majina kwa mkato, mke wangu asiyajue.
Anayajua.
Nikilala, hunisahihishia hesabu.

Lakini tangu Januari tulikuwa na Alhamisi mbili.
Chengo na Kitsao, mtu na shemejiye,
waligombania mpaka wa shamba kule Ganda.
Upana wa jembe, basi.
Na jembe lenyewe halina mpini.
Wakagawana wiki: huyu leo, yule ijayo,
na aliyekuwapo aliketi akitazama lango,
sijui kwa kuogopa, sijui kwa kungoja.
Sikutia neno. Kazi ya mwenye kaunta ni kufuta kaunta.

Mei, mvua ikaingia bila hodi.
Ilikuwa zamu ya Chengo. Kitsao alikosea hesabu ya wiki,
au alihesabu vizuri kuliko sisi sote.
Paa langu ni mabati manne, moja lina tobo.
Watu wanane tukajibana upande wa muuzaji,
mahali ambapo hata mimi hupita kwa ubavu.
Ndoo ya Thoya ikageuzwa ikinge maji,
yeye akasimama, ameshika kiuno, analaani mabati ya siku hizi.
Bi Haluwa, maji yakimfika vifundoni:
"Mimi napita tu."

Wale wawili bega kwa bega, macho mbele,
kama watu wanaopigwa picha ya pasi.
Tone likatoka tobo likamwingia Kitsao shingoni.
Jingine. Jingine tena.

"Sogea," Chengo akasema. "Unalowa."

Kitsao akasogea.
Upana wa jembe.

Hakuna aliyecheka, hata Athmani.

Hawajapatana. Kesi ingali kwa chifu.
Ila Alhamisi sasa ni moja;
mmoja ncha hii ya kaunta, mmoja ncha ile,
na chumvi huvuka kwa mkono wangu.

Chaki yote ilioshwa usiku ule.
Asubuhi mke wangu alisimama mbele ya ukuta mtupu
akanitajia madeni yote kwa kichwa, mpaka senti.
Nikamwambia, andika nusu.
Akaandika robo tatu.

Thoya ameleta bati jipya, bure, la kuziba tobo.
Nimeliegemeza nyuma ya jiko.
Akiuliza, namwambia kuna kuku ametagia chini yake,
asubiri aangue.
Ni kweli, kuna kuku.
Aliangua Julai.