Pete ya Shaba

Injini ilianza kuvuja Jumanne,
si kwa kishindo. Kwa msonyo mwembamba
kama wa mtu aliyenyimwa chumvi.

Varvara Innokentievna aliusikia akiwa mlangoni,
kabla hajavua glavu.
"Silinda ya nne," akasema.
Mimi nilisikia mngurumo tu, uleule
unaokilaza na kukiamsha kijiji chetu.

Tukafungua tangi la maji ya kupozea: mapovu.
Tukamulika chini ya kichwa cha silinda: mstari wa masizi,
kama wanja uliopakwa na mkono unaotetemeka.
Moto umepata njia. Na moto ukipata njia
hauombi ruhusa ya kuipanua.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakusema ufa huzibwa kwa nini
mwezi wa kumi, mto ukiwa si maji wala si barabara,
barafu ikisukumana kama ng'ombe langoni,
boti zimeshavutwa nchi kavu, malori hayajathubutu,
na gasketi mpya imelala ghalani Yakutsk,
jina la kijiji chetu juu ya boksi.

Jenereta ya pili? Tumeila tangu Agosti,
leo pampu, kesho nozeli.
Imebaki mbavu.

"Tunazima," akasema.
Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Akapiga simu shuleni, zahanati, kwa mwoka mikate:
jazeni kuni, yavisheni mabomba blanketi,
nipeni muda wa saa tatu.
Zikipita, yatapasuka, na mtanilaumu mimi, si mto.

Kimya kile sikuwahi kukijua.
Mbwa wote wakabweka, kuuliza.

Nati nane, kila moja na kilio chake.
Tukakinyanyua kichwa kwa mnyororo,
na pale chini pete ya shaba, imekauka, imekakamaa,
ubavuni ina mfereji usiozidi unywele.

Nikasema: imekufa.
Akasema: imechoka. Jifunze tofauti.

Akaisugua kwa msasa juu ya kipande cha kioo,
taratibu, kama anayesaga dawa ya mtoto,
hadi mfereji ukafutika. Akaitundika kwa waya,
akawasha mtungi wa gesi. Shaba ikapita rangi zake:
chai, zambarau, kisha wekundu wa zile beri
tunazochuma Septemba chini ya misonobari.
"Sasa!"
Nikaitosa ndooni. Ikalia mara moja tu.

Chuma ukikitosa hivyo hupata kiburi cha kisu.
Shaba, kinyume: hutoka majini imelainika,
tayari kuumbwa na kila kitakachoikandamiza.
Mwanamke huyu, aliyezika waume wawili
na kugombana na wilaya nzima kwa ajili ya mafuta,
aliishika kiganjani kama kipande cha mkate wa moto,
akatabasamu na ukuta. Sikuuliza.

Tukakwangua uso wa bloku. Tukaifuta. Tukaifuta tena.
Nati tukazikaza kwa msalaba, mizunguko mitatu:
wa kwanza wa kuamkiana,
wa pili wa kushikana,
wa tatu nikining'inia kwenye bomba refu la spana
mimi na kilo zangu zote, yeye akihesabu.

Zilibaki dakika kumi na moja.
Hewa ya mtungi ikapiga. Injini ikakohoa,
ikakataa, ikakohoa,
halafu sakafu ikaanza kutetemeka chini ya buti zangu
na nikagundua kwamba nilikuwa nimeacha kupumua.

Wanasema madirisha yaliwaka kuanzia zahanati,
yakashuka mtaa kwa mtaa hadi mtoni.
Sisi hatukutazama nje. Tulikuwa tumepiga magoti
na kurunzi, mbele ya silinda ya nne.
Tone moja likajitokeza kwenye mshono,
likavimba, likasita.
Akalifuta kwa kidole, akakinusa.
Tukasubiri la pili.

Nilipokwenda kulala
bado alikuwa analisubiri.