Nukta Isiyo na Jina

Kwenye ramani ya shule, iliyochanika pale Tukuyu kwenye mkunjo,
kisiwa ni nukta. Hakina jina.
Miaka kumi na tisa nimeigonga kwa ncha ya fimbo,
"Hapa pana mwamba," na kidato cha pili wakaandika:
hapa pana mwamba.

Likizo ya Juni nikashuka.
Sweta nililivua Ipinda, viatu nikavivua Matema.
Anyosisye, mwenye mtumbwi, aliuliza mara tatu,
"Peke yako, mwalimu?"
Mara ya nne aliuuliza mtumbwi.

Kushoto kwangu Milima ya Livingstone
ilikuwa imeingiza magoti ziwani kama wanawake wafuao nguo.
Sikujua kwamba kafi lina meno.
Hadi nafika, viganja vilikuwa vimetoa malengelenge manne,
na Nyasa, ambalo darasani nalichora kwa chaki moja ya bluu,
lilikuwa kijani, kisha kijivu,
kisha rangi ya maji yaliyooshea mchele.

Kukizunguka kisiwa: hatua mia nne na kumi na mbili.
Nilizihesabu kwa sauti, maana nani angenicheka?
Minandi, labda. Wameupaka mwamba wa kusini chokaa yao
na hawataki mgeni.
Kaskazini pana changarawe. Mashariki jiwe linateleza;
huko nilipita kwa makalio,
mimi, makamu mkuu wa shule,
kwa makalio.

Pete ya chuma imepigiliwa mwambani, usawa wa kiuno.
Kutu yake inabaki kidoleni.
Anyosisye anasema Wajerumani walifunga hapo meli.
Mhasibu wetu anaapa ni Waingereza, tena walizika mvinyo.
Pete yenyewe haina mwaka. Niliutafuta mwaka
kama mtu anayetafuta bei kwenye pindo la kitenge.

Bibi yangu Tupokigwe hakuwahi kutaja pete.
Alisema tu, siku moja, akichambua maharage, bila kuulizwa,
kwamba mwaka wa ndui dada yake Ikupa
alivushwa maji akaachwa kule kwenye jiwe,
na kila baada ya siku nne mama yao alipiga kafi,
akaweka chungu cha uji ufukoni,
akarudi nyuma hadi maji ya kifua,
akaita.
Halafu bibi akaendelea na maharage.

Upande wa magharibi ndiko viliko vigae.
Vingi. Vya Wakisi, vyembamba, vyenye mistari myeupe.
Nilidhani biashara: mtumbwi wa mfinyanzi
umepinduka njiani kwenda sokoni Lyulilo.
Lakini mtumbwi ukipinduka humwaga vyungu mara moja.
Hivi vimelala tabaka juu ya tabaka,
vya mikono mbalimbali, vingine vina masizi,
kimoja kina alama ya kidole gumba shingoni.
Niliweka changu. Hakikuingia.
Aliyekifinyanga alikuwa na mkono mdogo kuliko wangu.

Nikakaa. Nilikuwa na ndizi mbili za kuchemsha ndani ya jani.
Moja niliila.
Nikajaribu kuita lile jina, nijue tu sauti inafika wapi.
Mwera ulikuwa umeanza kuvuma;
ukachukua herufi ya kwanza,
I,
ukaniachia kupa.

Jioni Anyosisye alikagua mtumbwi, kisha viganja vyangu.
"Umeona nini huko?"
Nikamhesabia hela yake, noti kwa noti.
"Pana mwamba," nikasema.
Akatikisa kichwa.
Kuhusu ndizi ya pili hakuuliza.